Mbari ya Baba Kutoka Nyanda za Juu: Rekodi za Wafugaji wa Kale Zilizosomwa London

Ukitoka stesheni ya King's Cross jijini London, ndani ya mwendo mfupi wa miguu utapita karibu na nyumba mbili ambamo nasaba za Waafrika, wa kale na wa leo, zimesomwa kwa makini. Ya kwanza ni Taasisi ya Francis Crick, nyuma ya stesheni ya St Pancras, iliyofunguliwa mwaka 2016 na yenye maabara ya vinasaba vya kale. Ya pili ni University College London, UCL, katika mitaa ya Bloomsbury, ambako tangu miaka ya 1990 wataalamu wamekuwa wakilinganisha nasaba za kiume kutoka pembe nyingi za Afrika. Kwingineko zimo Harvard, Stanford, Arizona na Bristol, na nyuma ya zote yamesimama Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, wenye mabaki yenyewe.

Nimekusanya hapa rekodi ambazo uchunguzi huo umezitoa kuhusu wafugaji wa kale wa nyanda zetu za juu na mbari yao ya baba: kongwe zaidi, kubwa zaidi, iliyosafiri mbali zaidi. Nyingi ni za Afrika Mashariki, na hilo linanifurahisha. Lakini linalonigusa kuliko yote ni kwamba mbari hii imedumu kuliko lugha zilizozungumzwa na walioibeba, na imevuka mipaka ya makabila ambayo leo tunaichukulia kama kuta za zege.

Kwanza maelezo mafupi kwa asiyeyajua mambo haya. Kila mwanamume ana kromosomu Y aliyorithi kwa baba yake, naye baba aliirithi kwa babu, na hivyo hadi mwanzo. Inanakiliwa karibu yote bila kuguswa, kama orodha ya majina ambayo kila karani huinakili kwa mkono kutoka kwa karani aliyemtangulia. Mara chache sana herufi moja hukosewa, na kosa hilo hubaki kwa wazao wote wa kiume. Wataalamu hulipa kosa hilo namba, mfano M293, na wote wanaolibeba huhesabiwa kuwa mbari moja. Mama hayumo humo. Wala baba wa mama hayumo. Ni mstari mmoja tu kati ya maelfu yaliyomzaa mtu, na anayesoma rekodi zinazofuata aliweke hilo kichwani.

Mbari kongwe kuliko zote

Rekodi hii si ya wafugaji, ila bila yake hatuna kipimo cha nyingine. Sampuli ya mwanamume mmoja Mmarekani mweusi, ambaye ukoo wake ni wa South Carolina, ilipelekwa kupimwa na ikakosa mahali pa kukaa kwenye mti mzima wa nasaba za kiume uliokuwa ukijulikana. Mwaka 2013 timu ya Michael Hammer wa Chuo Kikuu cha Arizona ilitangaza kwamba tawi hilo, walilolipa jina A00, lilitengana na matawi mengine yote kabla ya tawi lolote lililokuwa limewahi kuonekana. Walipopekua hazina ya sampuli zaidi ya 5,000 za Afrika, wakawakuta wanaume 11 wa kabila la Wambo, magharibi mwa Kamerun, wenye mbari hiyohiyo. Miongoni mwa waandishi wa ripoti ile walikuwamo Neil Bradman na Mark Thomas wa UCL, waliohusika na kituo cha anthropolojia ya nasaba pale London.

Umri wa tawi hilo ulizua ubishi. Ripoti ya kwanza ilisema miaka 338,000. Mwaka uliofuata wataalamu wengine wakaushusha hadi miaka 208,000 hivi. Mwaka 2015 mti uliojengwa kwa kusoma sehemu kubwa zaidi ya kromosomu yenyewe ukatoa miaka kama 254,000, na makadirio hayo ndiyo ninayoyaamini zaidi. Mwaka 2020 mbari hiyo ikapatikana kwa mtoto wa kiume aliyezikwa Shum Laka, nyanda za juu za Kamerun, miaka 8,000 iliyopita. Basi tawi hilo ndilo wataalamu wanaloanzia kuhesabu.

Makaburi makubwa na ya kale zaidi ya wafugaji

Kabla ya wafugaji kupanda nyanda za juu, walikaa kando ya Ziwa Turkana. Ng'ombe, kondoo na mbuzi walifika huko kama miaka 5,000 iliyopita, wakati mvua za Sahara zilipokuwa zikikatika na ziwa likiendelea kurudi nyuma. Watu wa wakati huo walijenga viwanja vya makaburi vyenye nguzo za mawe, na kikubwa kuliko vyote ni cha Lothagam Kaskazini.

Mwanaakiolojia Elisabeth Hildebrand na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 2018. Jukwaa la mawe lina kipenyo cha mita 30 hivi, na katikati yake wafugaji walichimba shimo kubwa la kuzikia. Kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita walizika humo watu wanaokadiriwa kuwa si chini ya 580. Hakuna mnara wa kale zaidi wala mkubwa zaidi wa aina hiyo unaojulikana Afrika Mashariki.

Kilichonishika ni namna walivyozikwa. Wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume, watoto wachanga pia, wote wamo. Karibu kila mmoja amevishwa kitu: shanga za ganda la yai la mbuni, mawe ya rangi, pete za meno ya kiboko. Mmoja alivishwa kichwani pambo lililoshonwa kwa mamia ya meno madogo ya panya wa jangwani. Fikiria muda uliotumika kuwakamata panya wale, kuyang'oa meno na kuyapanga. Hakuna kaburi la mkubwa lililotengwa na ya wadogo. Vitabu vingi vya akiolojia vilifundisha kwamba minara mikubwa hujengwa na wafalme kwa jasho la watumwa. Lothagam inasema wafugaji wanaohamahama, wasio na mfalme, walijenga yao kwa ajili ya kila mtu.

Makazi makubwa zaidi, na ya kusini kabisa

Kutoka Turkana walisubiri muda mrefu kabla ya kushuka kusini kwa wingi. Huenda mbung'o na magonjwa ya mifugo yaliwazuia. Ni kuanzia miaka 3,300 hivi iliyopita ndipo makazi yao yanaonekana kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania.

Rekodi ya makazi inashikiliwa na Luxmanda, kwenye uwanda wa juu wa Mbulu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Katherine Grillo, Mary Prendergast na Profesa Audax Mabulla wa Tanzania walipachimba, na mwaka 2018 wakapatangaza kuwa makazi makubwa zaidi ya wafugaji wa enzi hiyo na yaliyo kusini kuliko mengine yote yanayojulikana. Watu waliishi pale miaka 3,000 hivi iliyopita. Leo hapo panalimwa na Wairaqw.

Mifupa ya Luxmanda ilitoa pia mojawapo ya jenomu (vinasaba vyote vya mtu) za kwanza za wafugaji wa kale wa Afrika. Ilisomwa mwaka 2017 katika utafiti ulioongozwa na Pontus Skoglund, ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara ya vinasaba vya kale pale Crick. Zaidi ya theluthi moja ya asili ya mtu yule ilihusiana na watu wa kale wa Mashariki ya Kati. Habari hiyo ilirukwa juu haraka na waliotaka kusikia kwamba ufugaji uliletwa na wageni, na nitairudia chini, kwa sababu nusu ya habari ni hatari.

Mbari iliyotawala nyanda za juu

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 2019 Prendergast na wenzake, wakiwamo Elizabeth Sawchuk, Agness Gidna, Christine Ogola, Emmanuel Ndiema na Mabulla, walichapisha vinasaba vya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Majina ya mahali yanasomeka kama kituo cha matatu cha Nakuru: Naivasha, Njoro, Molo, Keringet, Ol Kalou. Mengine yanabeba majina ya walowezi, Cole's Burial, Prettejohn's Gully, Deloraine Farm, kwa sababu makaburi hayo ya kale yaligunduliwa katika mashamba waliyonyang'anywa wafugaji wa karne ya 20. Majina hayo yamebaki hadi leo kwenye majedwali ya sayansi.

Miongoni mwa wanaume wa enzi ya ufugaji, wengi walikuwa wa mbari moja: E-M293. Hiyo ndiyo rekodi ninayoiweka juu ya zote.

Ili uone uzito wake, jua kwamba wanaakiolojia waliwagawa wafugaji hao makundi mawili. Kundi la kwanza liliitwa la savana: walizika watu wao chini ya marundo ya mawe, na visu vyao vilichongwa kwa jiwe la kioo la volkano, obsidiani, kutoka bonde la Naivasha. Kundi la pili liliitwa la Elmenteita: walizika mapangoni, wakati mwingine kwa kuwachoma wafu, na obsidiani yao, yenye rangi ya kijani, ilitoka miinuko ya juu ya mlima Eburru. Milima na bonde vinaonana, lakini kila kundi lilishika machimbo yake kwa karne nyingi. Vyungu vyao pia havikufanana.

Katika pango la mto Njoro, wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walichimba mwaka 1938 na kukuta mabaki ya watu 80 hivi waliochomwa. Palikuwa na mabakuli ya mawe, michi, shanga nyingi za mawe, na vibuyu vilivyogeuka makaa bila kupoteza umbo. Mtu aliyekwenda kuzikwa alifuatana na chombo chake cha kusagia na kibuyu chake.

Kwa tofauti hizo, mwaka 1982 mwanaakiolojia Stanley Ambrose alipendekeza kwamba kundi la savana lilizungumza lugha za Kikushi cha Kusini na lile la Elmenteita lugha za Kiniloti cha Kusini. Wazo lilikaa vitabuni kwa miaka karibu 40. Vinasaba vikaja na jibu lisilotarajiwa: makundi yote mawili ni watu walewale. Nasaba moja, mbari ya baba moja kwa walio wengi, lakini mila mbili za mazishi, vyungu viwili, machimbo mawili. Walijitofautisha kwa hiari, kwa karne nyingi, hali damu ni moja. Mimi naona hili ni kubwa kuliko rekodi yoyote ya umri au ukubwa.

Mbari yenyewe ilizaliwa Afrika. Shina lake, E-V1515, lilichipuka miaka 12,000 hivi iliyopita, pengine kaskazini mwa Pembe ya Afrika, kabla ya ng'ombe wa kwanza kufugwa mahali popote duniani. Na leo iko wapi? Mwaka 2008 Brenna Henn na wenzake wa Stanford waliipima Tanzania, na kiwango cha juu kabisa kilikuwa kwa Wadatoga: asilimia 43 ya wanaume waliopimwa. Waburunge walikuwa na asilimia 28, Wasandawe 24.

Wadatoga huzungumza lugha ya Kiniloti. Waburunge huzungumza Kikushi. Wasandawe huzungumza lugha ya vidoko isiyofanana na hizo mbili. Jamii tatu, familia tatu za lugha, wake walioozana, vita walivyopigana na mifugo waliyoibiana, na babu mmoja wa kiume anapita katikati yao. Wadatoga, ambao wengi hapa Tanzania huwaita Wamang'ati kwa mdomo mchungu, na ambao wamesukumwa nje ya malisho yao ya Hanang kwa ajili ya mashamba ya ngano, ndio walioshika kwa wingi zaidi mbari ya wafugaji wa kwanza wa nyanda za juu. Ningependa kila ofisa wa ardhi wa Manyara aijue habari hii.

Vipimo vilivyopotosha zaidi

Rekodi hii London ingependa isahaulike, lakini mji uliosoma vizuri leo ndio uliosoma vibaya jana. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, alichimba makaburi ya Elmenteita na Nakuru kuanzia mwaka 1926, na mafuvu yakapelekwa Uingereza. Jijini London aliyekuwa bingwa wa mafuvu ni Sir Arthur Keith, mtunza makumbusho ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari Wapasuaji, katika kiwanja cha Lincoln's Inn Fields. Urefu wa kichwa, upana wa pua, pembe ya taya: vyote vilipimwa kwa milimita ili mtu awekwe kwenye kabila la rangi. Mwaka 1935 Leakey alichapisha kitabu kizima kuhusu zile walizoziita mbari za Enzi ya Mawe za Kenya, na watu wa nyanda za juu wakawekwa nje ya Uafrika.

Miaka mitano kabla yake, mwaka 1930, Charles Seligman, profesa wa London School of Economics, alikuwa ametoa kitabu chake Races of Africa. Humo alidai kwamba kila kilicho bora Afrika kililetwa na wafugaji aliowaita Wahamiti, watu wenye asili ya Wazungu. Nadharia hiyo ilifundishwa, ikaingia katika utawala wa kikoloni, na sumu yake tunaijua Rwanda na Burundi.

Sasa weka vinasaba mezani. Wafugaji wa nyanda za juu walitokana na mito mitatu. Mmoja ulihusiana na watu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika na Mashariki ya Kati. Wa pili ni watu wanaofanana na Wadinka wa Sudan Kusini. Mito hiyo miwili ilichanganyika kaskazini kwa viwango vinavyokaribiana, kati ya miaka 6,000 na 5,000 iliyopita. Wa tatu, kiasi cha moja ya tano, ni wawindaji wenyeji wa Afrika Mashariki, walioingia baadaye. Na mbari ya baba iliyoshika wengi ni ya Pembe ya Afrika. Kundi la watu weupe waliokuja na ng'ombe kuwastaarabisha wenyeji halipo popote kwenye data hizo. Lilikuwa kwenye vipimo vya mafuvu tu, na aliyepima alijua anachotaka kukiona.

Mfupa mgumu zaidi, na mtu wa Nuwayrat

Joto la nchi zetu huharibu vinasaba upesi, na ndiyo maana Afrika ilichelewa. Jenomu ya kwanza ya kale ya Afrika ilitangazwa mwaka 2015 tu: mwindaji wa pango la Mota, nyanda za juu za Gamo, kusini mwa Ethiopia, aliyekufa miaka 4,500 iliyopita. Ripoti yenyewe ilibidi isahihishwe mwaka 2016. Ilikuwa imedai kwamba damu ya kutoka Asia Magharibi ilienea Afrika nzima, na kumbe hesabu ya kompyuta ilikosewa.

Kilichofungua mlango ni mfupa mmoja mdogo. Nyuma ya sikio, ndani ya fuvu, upo mfupa unaohifadhi kiungo cha kusikia, na huo ndio mfupa mgumu na ulioshikana kuliko yote mwilini. Mtaalamu aliyevaa suti nyeupe na barakoa huutoboa taratibu na kuchukua unga mchache unaolala kwenye ncha ya kijiko. Kwa njia hiyo Makumbusho ya Historia ya Asili ya South Kensington na UCL walisoma mtu wa Cheddar, mifupa ya kale zaidi iliyo karibu kamili Uingereza, yenye miaka 10,000 hivi.

Kwa Afrika, rekodi ya karibuni imetoka Crick. Julai 2025 walichapisha, pamoja na Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores, jenomu kamili ya kale kuliko zote za Misri. Ni ya mwanamume aliyezikwa ndani ya chungu kikubwa huko Nuwayrat kati ya mwaka 2855 na 2570 kabla ya Kristo, enzi piramidi za kwanza zikijengwa. Mwanaakiolojia John Garstang alimchimbua mwaka 1902, na mabaki yake yakanusurika mabomu yaliyoipiga Liverpool wakati wa Vita Kuu ya Pili. Karibu asilimia 80 ya asili yake ni ya Afrika Kaskazini, iliyobaki ya Mesopotamia. Mbari yake ya baba imo katika familia pana ya E1b1b, familia ileile ambayo E-M293 ni tawi lake.

Maziwa: badiliko lililopendelewa kwa nguvu zaidi

Watu wazima wengi duniani hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa. Uwezo huo ulizuka mara kadhaa, na ni miongoni mwa mabadiliko yaliyopendelewa kwa nguvu zaidi na maumbile katika miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 2007 mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff alitangaza badiliko la Kenya na Tanzania, linaloitwa C-14010, tofauti kabisa na lile la Ulaya. Mwaka huohuo Catherine Ingram na Dallas Swallow wa UCL walionyesha kwamba Afrika ina zaidi ya njia moja ya kufika palepale.

Kati ya wafugaji wa kale waliopimwa mwaka 2019, ni mmoja tu aliyekuwa na badiliko hilo: mtu wa pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, aliyeishi miaka 2,100 hivi iliyopita. Wengine wote hawakuwa nalo. Hata hivyo maziwa walikunywa. Ukoga ulioganda kwenye meno ya wafugaji wa Kenya una protini za maziwa, na vyungu vya Luxmanda vilinyonya mafuta yake. Huenda waliyagandisha, kama bado yanavyogandishwa kwenye vibuyu vya Wakalenjin na Wamaasai. Huenda maarifa ya mama mwenye kibuyu yalitangulia kuenea kwa badiliko la mwili.

Safari ndefu zaidi

E-M293 haikuishia Mbulu. Henn aliikuta kwa asilimia 31 ya wanaume Wakhwe wa kusini mwa Afrika, na akahitimisha kwamba wafugaji waliileta kutoka Tanzania miaka 2,000 hivi iliyopita, kabla au pembeni ya Wabantu. Badiliko la maziwa la C-14010 limepatikana pia kwa Wanama wa hukohuko kusini. Na mtu aliyezikwa Kasteelberg, jirani na bahari ya Rasi ya Magharibi, miaka 1,200 iliyopita, alikuwa na sehemu kubwa ya asili inayofanana na ya Luxmanda. Kutoka Mbulu hadi huko ni zaidi ya kilomita 3,500 kwa mstari ulionyooka, na ng'ombe na kondoo hawaendi mstari ulionyooka.

Uingereza nayo ina wafugaji wake wa kufananisha. Baada ya mwaka 2450 kabla ya Kristo, watu wenye asili ya wafugaji wa nyika za mashariki mwa Ulaya waliingia, na katika karne chache karibu asilimia 90 ya nasaba ya kisiwa ikabadilika. Mbari yao ya baba, R1b, bado ndiyo ya wanaume wengi wa huko. Kwetu haikuwa hivyo: wawindaji waliendelea kuwapo, na moja ya tano ya nasaba ya wafugaji wenyewe ilitoka kwao.

Uwiano wa kushangaza zaidi

Mwaka 2015 Monika Karmin na wenzake walionyesha kwamba kati ya miaka 8,000 na 4,000 iliyopita, idadi ya wanaume walioacha uzao ilishuka mno duniani. Wakati mmoja uwiano ulifika wanawake 17 kwa mwanamume mmoja. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2018, na ambayo naona yana nguvu, ni kwamba koo za baba zilipigana, na ukoo ulioshindwa ulifutika wote kwa pamoja, kwa kuwa wanaume wake walibeba mbari moja. Ukubwa wa E-M293 katika nyanda za juu haumaanishi basi kwamba wanaume wake walikuwa bora. Unaweza kumaanisha wengine walikosa kizazi cha kiume, au walikosa ng'ombe wa mahari.

Waliozikwa Mtwapa

Na sisi wa mwambao? Mwaka 2023 Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao walichapisha vinasaba vya watu 80 wa kati ya mwaka 1250 na 1800, utafiti mkubwa kuliko wowote uliotangulia kuhusu Waswahili wa kale. Upande wa Kiafrika ulitoka zaidi kwa akina mama, na kwa wengi ulizidi nusu. Upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Wazee wetu waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa wakibuni, na waliosisitiza kwamba sisi ni Waafrika nao hawakukosea.

Watafiti walihitaji kujua mama hao wa Kiafrika walifanana na nani. Wakawalinganisha na watu waliozikwa Makwasinyi, bara, upande wa Taita, nao walikuwa mchanganyiko wa Wabantu na wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa. Walifaa vizuri kuelezea upande wa Kiafrika wa waliozikwa Mtwapa, pwani ya Kenya. Damu ya wafugaji ilifika pwani, safari hii ikiwa imebebwa na wanawake, ambao kromosomu Y haiwezi kuwahesabu.